Fomu Mbili za Odilia

Naandika kwa ajili ya mzazi aliyepewa ile fomu kliniki, akaikunja, akaitia mfukoni, na sasa anatafuta sababu ya kutorudi. Nami niliikunja. Ilikaa kwenye mfuko wa koti langu zaidi ya wiki, ikaenda Kasesya ikarudi, hadi mikunjo yake ikaanza kuchanika. Sasa binti yetu analala, anasoma, na mimi nimeweza kukaa kwenye kiti kimoja muda wa kutosha kuandika haya. Kutulia kumenishinda maisha yangu yote.

Mimi ni wakala pale mpakani Kasesya. Lori likifika, ninajaza karatasi za mzigo na kukimbizana na madirisha ya forodha ili dereva avuke kuingia Zambia kabla siku haijaisha. Nyumbani kwetu ni Izia, Sumbawanga. Naondoka Jumatatu alfajiri, narudi Jumamosi mchana. Kwa hiyo Odilia, mwanangu wa kwanza, nilikuwa namwona siku moja na nusu kwa wiki, na kwa siku hiyo moja na nusu nilijiona namjua.

Alikuwa na miaka minane, yuko darasa la pili, mambo yalipoharibika. Mwembamba, mdomo wazi muda wote, weusi chini ya macho kama mtu aliyetoka kukesha msibani. Darasani alikuwa anasinzia, na akiamshwa anarusha mikono. Siku moja alimng'ata mwenzake begani. Alilia kwa kitu kidogo kama penseli kuvunjika. Na kitanda alikuwa bado anakilowesha. Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza kuuma, mwalimu wake alituandikia barua. Alisema mtoto aonwe na wataalamu, na kwamba hali ikibaki hivyo hadi muhula ujao, shule itatuomba tumtafutie mahali pengine.

Jibu langu nilikuwa nalo tayari. Nilisema ni uvivu na kudekezwa. Na dawa yangu ilikuwa hii, naiandika ingawa ninaona aibu: nikikuta godoro limelowa Jumapili asubuhi, nilimtaka alitoe nje yeye mwenyewe, aliegemeze kwenye ukuta unaotazama njia, akae kando yake mpaka likauke. Watu wakitoka misa ya kwanza wanapita hapo. Nilidhani aibu itamfundisha. Mara mbili nilimchapa. Mke wangu, Mama Odi, hakunipinga hata siku moja, nami nikachukulia kwamba ukimya wake ni kukubali.

Kliniki tulikwenda wote watatu siku ya Ijumaa, na mdogo wake Odilia mgongoni kwa mama yake. Benchi lilikuwa kwenye korido inayopitisha upepo. Kina mama walikuwa wamejifunika vitenge na mablanketi, watoto wao mapajani, hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi. Nilikaa, nikasimama, nikatoka nje kupiga simu mpakani, nikarudi, nikauliza tumebakiza wangapi. Muuguzi aliyetupokea, Sista Yustina, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliniambia kwa upole kwamba foleni haisogei kwa kutazamwa.

Alitupa kila mmoja fomu yake na kalamu. Wao wanaiita dodoso, sisi wa kwenye benchi tuliiita fomu tu. Imeandikwa mambo ya mtoto, moja baada ya jingine: hasira zake, hofu zake, anavyocheza na wenzake, anavyolala. Mbele ya kila jambo kuna visanduku vitatu, si kweli, kweli kidogo, kweli kabisa, nawe unatia alama kimoja. Alitukalisha ncha mbili za benchi tusitazamiane. Kujaza fomu ni kazi yangu ya kila siku, nikashusha alama kwenye si kweli kutoka juu hadi chini, pamoja na chache za kweli kidogo ili isionekane nimekimbia. Nilipoirudisha, Mama Odi alikuwa bado ukurasa wa kwanza, ameinamia karatasi, anafuata maneno kwa kidole.

Alipomaliza tuliingia ndani. Odilia alibaki mlangoni na karatasi ya kuchorea aliyopewa. Sista Yustina aliziweka fomu zetu mbili mezani, moja kando ya nyingine, akazisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Baba, mama," akasema, "hizi ni fomu za watoto wawili."

Nikamwambia mtoto ni mmoja. Akasema anajua. Akaanza kutuonyesha. Anakoroma: mimi si kweli, mama kweli kabisa. Huamka amechoka: si kweli, kweli kabisa. Huhangaika usingizini, hutokwa na jasho hata wakati wa baridi: hivyohivyo. Ana hofu nyingi: mimi nilikuwa nimeweka si kweli, na kalamu ilikuwa imekandamizwa sana pale, nakumbuka. Mama Odi hakutosheka na alama. Mwisho wa fomu kuna nafasi ya kuandika jambo jingine, naye alikuwa ameijaza yote. Sista aliisoma kimya, kisha akamwuliza kama anaruhusu isomwe kwa sauti. Mke wangu alitikisa kichwa kukubali, macho yakiwa sakafuni.

"Jumamosi tumbo humuuma mpaka baba yake afike," Sista akasoma. "Usiku huo namwamsha kila mara aende kukojoa, ili asubuhi baba asikute godoro limelowa. Siku hiyo halali kabisa."

Niliinuka nikatoka. Nilikwenda mpaka getini, nikasimama pale wanapopaki bodaboda, kijana mmoja akaniuliza kama nataka usafiri, nikasema hapana, nikarudi ndani. Hawakuwa wamesogea. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa, na pengine ingekuwa nafuu kwangu. Sista Yustina alieleza tu kwamba fomu ile haisemi mtoto anaumwa nini, wala haihukumu mtu, inaonyesha mahali pa kutazama. Alisema majibu ya mama kuhusu usingizi yamemtia wasiwasi na angetaka daktari amwangalie koo. Kisha akanipa fomu nyingine, safi.

"Usiijaze leo," akaniambia. "Kaa naye kwanza. Mtazame akilala. Ukishaona ndipo uandike."

Tulipofika Izia, Mama Odi aliingia jikoni, nami nikabaki uani nikizunguka bila kazi. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi kabla ya kumwambia mgeni. Alisema mgeni ndiye aliyemuuliza.

Ndiyo hiyo fomu iliyokaa mfukoni. Nilirudi nayo kazini. Katikati ya karatasi za mbolea na vipuri niliigusa kwa kidole, nikaiacha. Jumamosi iliyofuata nilifika nyumbani, nikamwona Odilia amesimama nyuma ya mama yake anashikilia gauni, nikaona kitu ambacho bila shaka kilikuwepo siku zote. Sikuweza kukiangalia. Nikasema nina mzigo unaonisubiri na nikapanda gari kurudi mpakani jioni ileile, uongo mtupu. Ilichukua siku tano nyingine kabla ya kumwomba mwenzangu anishikie kazi, nikarudi Alhamisi, siku ambayo hakuna aliyenitegemea.

Ilikuwa alasiri. Odilia alikuwa ametoka shule na kulala kwenye mkeka barazani, kwenye jua, amejifunika sweta ya mama yake. Mama Odi aliniona, akaweka kidole mdomoni. Nilikaa chini karibu na mtoto. Alikuwa anakoroma. Siku zote nilicheka kukoroma kwake, nikasema analala kama mzee aliyeshiba. Sasa nikatazama kifua. Kilikuwa kinavutwa ndani kwa nguvu, shimo likitokea chini ya koo, kama anayevuta hewa kupitia mrija mwembamba. Kisha sauti ikakatika. Tumbo likaendelea kupanda na kushuka, lakini hewa haikuingia. Nilihesabu. Nilipofika kumi na moja alishtuka, akakoroma kwa kishindo, akageuka, shingo ameipinda nyuma, jasho kwenye paji la uso licha ya upepo ule wa baridi. Akatulia. Halafu ikakatika tena.

Nilikaa pale mpaka alipoamka. Kitu hicho kilimpata mara sita. Miguu ilinitaka niondoke na sikuondoka. Mtoto niliyemwita mvivu alikuwa akifanya kazi nzito kila alipofumba macho. Nilitoa fomu mfukoni nikaijaza kwenye goti langu, polepole, na mahali ambapo sikujua nilimwuliza mke wangu. Nilimwuliza mara nyingi.

Daktari alimulika kooni kwa tochi na kusema mafindofindo yamekua hadi yanakaribia kugusana, na huenda kuna nyama nyuma ya pua pia. Alisema mtoto asiyepata hewa usingizini anaweza kukojoa kitandani, anaweza kuwa na hasira, anaweza kusinzia darasani, na viboko havina wanachoweza kumsaidia hapo. Hakunitazama aliposema viboko. Akatuandikia rufaa kwenda Mbeya kwa bingwa, na miadi ilikuwa baada ya wiki kumi na moja. Sista Yustina aliandika barua kwa mwalimu akiomba mtoto aruhusiwe kulala kidogo wakati wa mapumziko. Mwalimu alikubali, akatandika kanga yake mwenyewe nyuma ya darasa. Mpaka leo namshukuru kwa ile kanga.

Wiki kumi na moja kwa mtu kama mimi ni nyingi. Nilipiga simu Mbeya hadi mhudumu akaijua sauti yangu. Shangazi yangu Leokadia, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuja kutusalimia na kusikia habari. Alisema hayo si mambo ya kupanda basi, ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na kuna mzee anayekikata kwa dakika moja, amewakatia watoto wengi na wamenenepa. Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Kumkatalia si jambo jepesi. Lakini sitamsingizia: nilichokipenda ni ile dakika moja. Asubuhi yake nikamwambia Odilia avae viatu.

Mama Odi alisimama mlangoni, mtoto mdogo mgongoni. Hakupaza sauti.

"Baba Odi, kimeo siyo kinachomziba, daktari amekwambia," akasema. "Na huyu si lori, kwamba lazima avuke leo."

Shangazi alimwambia mwanamke hapaswi kumjibu mumewe hivyo mbele ya wakubwa. Mke wangu alimwambia, "Shikamoo, shangazi, nakuheshimu, lakini mtoto hatoki." Nilisimama katikati yao na kofia mkononi. Odilia alikuwa ameshavaa kiatu kimoja, ananitazama usoni kujua ni kipi kitakachotokea. Nikamwambia avue. Shangazi aliondoka bila kunywa chai, na hakutukanyagia nyumba hadi mahindi yalipopandwa. Hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa. Hakuna aliyenieleza kwamba kumtibu mtoto kunaweza kukugombanisha na mtu uliyemwita mama.

Upasuaji ulifanyika mwezi wa kumi, vumbi likiwa jingi na mvua bado. Kwa kuwa mdogo wake alikuwa ananyonya, ilibidi nimpeleke mimi. Kwenye basi, kupitia Laela na Tunduma, Odilia alikaa upande wa dirisha, akanijibu ndiyo baba, hapana baba. Wodini nilikuwa mwanamume peke yangu mchana kutwa, usiku nikitolewa kulala kwenye benchi la nje. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja wa Wampembe, huko ziwani, na binti yake aliyefanyiwa upasuaji siku iliyotangulia. Aliniona ninavyotembea kati ya mlango na dirisha tangu walipomchukua Odilia. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akanisogezea kiti.

"Kaa hapa karibu na kitanda," akasema. "Akiamka amwone mtu wake."

Nilikaa, na sikumwambia kilichokuwa kinanitisha. Niliogopa ataamka aone ni mimi.

Alirudishwa amelala ubavu, damu kidogo kwenye pembe ya mdomo. Alipofumbua macho alinitazama muda mrefu, kisha kwa sauti iliyokwaruza akamwulizia mama yake. Nikapiga simu nikamwekea sikioni. Mama yake alimsemesha Kifipa, maneno ya kubembeleza mtoto mchanga, nami nikashika simu mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni alipaswa kunywa maji na koo lilikuwa linamwuma. Alikunywa kijiko kwa kijiko kutoka mkononi mwangu, kwa kuwa hapakuwa na mkono mwingine. Nililikubali hilo. Siku ya pili aliomba aiskrimu kwa kuionyesha kwa kidole, na yule mama wa Wampembe akatuambia tununue mbili ili binti yake asilie.

Niwaambie wazazi wenzangu mambo ambayo mimi yalinishtua. Siku za kwanza mdomo wake ulinuka vibaya sana, na kooni palikuwa na utando mweupe. Nilidhani kidonda kimeoza. Nikampigia muuguzi, akasema ndivyo panavyopona. Siku ya sita maumivu yalizidi yakahamia masikioni, alikataa hata uji wa ulezi uliopozwa, na hilo nalo likapita. Sauti yake ilibadilika. Zamani aliongea kama aliyebana pua, akarudi na sauti nyembamba, safi, ambayo mama yake alipoisikia jikoni aligeuka kutafuta ni mtoto wa nani. Usiku wa kwanza wa kulala nyumbani hapakuwa na mkoromo. Tulitegemea kufurahi. Badala yake tuliinuka kwa zamu kumwekea kiganja puani, kwa sababu kimya kile kilitutisha kuliko kelele.

Mvua za mwezi wa kwanza zilimkuta ameongezeka uzito na weusi chini ya macho umeondoka. Kitanda kilikuwa kikavu wiki nzima, kikalowa mara moja, kikakauka tena. Darasani aliacha kusinzia, akapatana na yule aliyemng'ata. Sista Yustina alitupa tena fomu mbili, ncha mbili za benchi. Safari hii nilikuwa wa mwisho kumaliza. Alipoziweka kando kwa kando, kwenye usingizi zilifanana karibu zote.

Kwenye hofu majibu yetu yalikuwa yamegeuka, lakini hayakuwa mazuri. Mama Odi aliweka kweli kidogo. Mimi niliweka kweli kabisa.

"Mafindofindo yametolewa," Sista akasema, "hili halikuwa kooni." Hakulisema kwa ukali. Alinitaka niwe nakuja na Odilia sisi wawili, kila mwezi mara moja, kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea, akasema kazi yangu humo ni kucheza mchezo anaouchagua yeye, bila kumwelekeza. Nilikuwa mbovu kwa kazi hiyo. Mara ya kwanza nilimpangia vipande vya mbao kwa rangi. Mara ya pili nilitazama saa mara nyingi, naye akaniona. Niliomba kazini niwe narudi Jumatano usiku pia, na nikamwomba Odilia msamaha, kwa maneno, nikitaja godoro na nikitaja viboko. Alisikiliza akichezea kifungo cha sweta. Akasema sawa, baba. Nilijua hiyo sawa ni ya woga, na kwamba hakuna fomu ya kujaza hapo ili mambo yavuke. Ni kungoja.

Kama uko kwenye benchi hilo leo, jaza taratibu. Usilolijua, sema hulijui, ukaangalie. Usiogope fomu ya mwenzako ikitofautiana na yako. Mimi ile tofauti iliniumiza, lakini bila hiyo ningeendelea kumwadhibu mtoto kwa kukosa pumzi.

Mwezi wa tano, Jumamosi moja ambayo nilikuwa nimerudi tangu jana yake, tulikuwa tunakwenda kung'oa maharage kwenye shamba letu nje kidogo ya Izia. Umande ulikuwa bado na njia ina matope. Nilikuwa na baiskeli, nikamwambia Odilia apande nyuma nimsukume, asichafue miguu.

"Sitaki," akasema. "Nataka kutembea."

Alisema akinitazama. Hakurudi nyuma ya mama yake, hakuongeza neno baba ili kupunguza makali. Tangu azaliwe hakuwahi kunikatalia kitu. Mama Odi, aliyekuwa mbele yetu na ndoo kichwani, alipunguza mwendo lakini hakugeuka.

"Haya," nikamwambia. "Tembea."

Akatembea. Alikuwa anasimama kila mahali, kuangalia siafu, kuchuma majani, kukwangua matope kwenye kandambili kwa kijiti, nami nikasukuma baiskeli tupu kando yake kwa mwendo wake, na tulifika shambani jua limekwisha kukausha umande.